Mwongozo kamili wa kutunza aina za asili za viazi vitamu Mwanza na visiwani

Mbegu ya viazi vitamu haiwekwi kihengeni. Mahindi utayafungia guniani, mtama utauning'iniza darini juu ya moshi, lakini kiazi hupandwa kwa rando, yaani kipande cha shina lake linalotambaa, na rando likikauka basi. Aina ya kiazi ipo pale tu mmea wake ulipo hai. Kwetu Mwanza muda wa hatari kila mtu anaujua: tangu Juni mvua zinapokata hadi Oktoba au Novemba zinaporudi. Ng'ombe wameachiwa mashamba, matuta yamekauka, mioto inapita. Aina nyingi ambazo leo wazee wanazitaja kwa majina tu zilipotea katika miezi hiyo, nyumba moja baada ya nyingine, bila mtu kutangaza. Kwa hiyo swali linalotangulia mengine yote katika kazi hii ni hili: kiangazi mmea utakaa wapi, na kwa nani?

Wakulima wa zabibu wanalijua swali hili, maana mzabibu nao hupandwa kwa kipande cha tawi. Miaka ya 1860 mdudu mdogo wa mizizi, filoksera, aliingia Ufaransa kutoka Marekani akaua mizabibu maeneo makubwa. Walipopanda upya, kwa kubebesha matawi yao juu ya mashina ya Kimarekani yanayomvumilia mdudu yule, walichagua aina chache zenye soko. Nyingi za kienyeji ziliachwa. Mwaka 1949 walianzisha bustani ya Vassal kwenye ukanda wa mchanga kando ya Bahari ya Mediterania, kwa sababu filoksera hastawi mchangani, na humo wamekusanya maelfu ya aina. Sisi pia tutauhitaji mchanga, kwa kazi nyingine, tukifika hatua ya kiangazi.

Kwanza, ujue unatunza nini

Asili ya kiazi kitamu ni Amerika ya kitropiki, lakini kimekaa Afrika Mashariki karne kadhaa na nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria zimekuwa na aina nyingi sana. Sababu iko kwenye ua. Mmea wa kiazi una kromosomu 90 zilizopangwa katika seti sita, na kwa kawaida ua lake hukataa chavua yake lenyewe. Mbegu inayotoka kwenye ua imechanganya wazazi wawili, kwa hiyo mche wake haufanani kamili na mama. Mtu akipalilia akaona mche ulioota wenyewe, akauacha, akaonja viazi vyake akavipenda, akaupa jina na kumgawia jirani: aina mpya imezaliwa. Tangu hapo inaendelea kwa marando tu. Mchanganyiko ule umetokea mara moja, ukipotea hakuna mbegu ya ua itakayouleta tena vilevile.

Faida yake inaonekana shambani. Mkulima wa Kisukuma hana udongo mmoja: juu mlimani kuna luseni ya kichanga, katikati itogolo inayoganda kama sakafu, chini mbuga nyeusi inayopasuka. Ipo aina inayokomaa mapema na kuokoa nyumba wakati wa njaa. Ipo inayochelewa lakini inakaa ardhini muda mrefu ukiichimba kidogo kidogo. Ipo kavu yenye unga, inayotoa michembe, yaani vipande vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, inayokaa hadi msimu mwingine, na ipo yenye maji ambayo ukiikata na kuianika unapata vipande vyembamba visivyoshibisha. Na kuna jambo la virusi: watafiti nchini Uganda wameona baadhi ya aina za kienyeji zikiambukizwa kisha machipukizi mapya yakatoka safi, kana kwamba mmea umekitema kirusi. Sifa kama hiyo huwezi kuinunua dukani. Aliyeshuhudia batobato kali la mihogo lilivyozunguka ziwa katika miaka ya 1990 anajua shamba la aina moja linavyoondoka lote kwa pamoja.

Sisemi uache viazi lishe vya rangi ya chungwa. Vina vitamini A ambayo watoto wanaihitaji, na nafasi yao shambani ni halali kabisa. Kosa ni kung'oa vya zamani ili kupisha vipya.

Hatua ya kwanza: orodha, na ifanyike majani yakiwa shambani

Nenda kati ya Februari na Aprili. Ukienda Agosti utapewa majina matupu. Anza na akina mama na mabibi, kwa sababu marando mengi yako mikononi mwao, na mengi yalisafiri na maharusi kutoka kijiji hadi kijiji. Ukimsalimu "Shikamoo, mayu", yaani mama kwa Kisukuma, usikimbilie daftari. Uliza chakula kwanza: michembe mizuri inatoka kwenye kiazi gani? Matobolwa, yale yanayochemshwa kabla ya kukatwa na kuanikwa, yanafaa kwa kiazi kipi? Watoto wanapenda kipi? Mtu anayejibu maswali hayo kwa urefu atakupeleka mwenyewe shambani kukuonyesha.

Usiamini jina peke yake. Jina kama Polista au Ukerewe utalikuta wilaya nyingi, na si ajabu mashamba mawili yenye jina moja yakawa na mimea miwili tofauti. Kinyume chake pia kipo: kiazi kimoja kina majina matatu, moja la aliyekileta, moja la kijiji kilikotoka, la tatu la utani. Kwa hiyo kila sampuli ipe namba yako, jina liandikwe pembeni kama lilivyotamkwa.

Kwenye daftari andika: namba, jina au majina, kijiji, aliyetoa na alipata kwa nani, aina ya udongo, miezi hadi kuvuna. Kisha mmea wenyewe. Jani lina umbo la moyo, la pembe tatu, au limechanika kama vidole? Vijani vya nchani ni kijani au zambarau? Geuza jani, tazama rangi ya mishipa ya chini, hapo ndipo aina nyingi zinazofanana hutofautiana. Halafu ganda, nyama ya kiazi, na kama nyama ina madoa au pete ya rangi nyingine. Piga picha ya jani mbele na nyuma, na ya kiazi kilichokatwa, pamoja na kikaratasi chenye namba. Simu ya kawaida inatosha.

Mwisho uliza swali linaloamua mengine: nani mwingine analo? Aina iliyo kwa nyumba ishirini haina haraka. Iliyo kwa bibi mmoja tu, kwenye tuta moja nyuma ya jiko, ndiyo ya kuchukua leo.

Hatua ya pili: kukata na kusafirisha

Chukua kutoka mimea mitano hadi kumi ya aina hiyo, ukikwepa mmea wowote wenye dalili za virusi: majani madogo, membamba, yaliyokunjamana, yenye manjano au zambarau isiyo ya kawaida, na mmea uliodumaa. Ukikuta aina yote imeugua, chukua iliyo nafuu kuliko nyingine, uitenge, na usiichanganye na mkusanyiko wako.

Kata nchani, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi ndiyo fukuzi wa viazi hupenda kutaga, ukiichukua umemhamisha na mdudu. Punguza majani, bakiza machache ya nchani. Funga fungu kwa kamba, weka namba, zungushia gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, liweke kivulini. Siku mbili tatu hayana shida, tena hutangulia kutoa mizizi. Usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni juani. Yatachemka kabla hujafika Misungwi.

Hatua ya tatu: bustani ya mkusanyiko

Kila aina ipate tuta lake fupi la mimea kumi hivi, nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, na mita moja kati ya tuta na tuta. Fukia theluthi mbili ya rando, macho mawili au matatu yawe chini. Adui mkubwa wa bustani hii ni kuchanganyika: marando yanatambaa, yanaota mizizi kwenye tuta la jirani, na mwaka unaofuata namba 7 imekuwa nusu namba 8. Dawa zake ni tatu. Nyanyua na kuyarudisha marando kila unapopalilia. Panga jirani aina zisizofanana, jani la moyo kando ya jani la vidole, ili kosa lionekane kwa macho. Na usirudie ardhi iliyokuwa na viazi msimu uliopita, kwa sababu masalia yataota.

Kuhusu vibao: mbao huliwa na mchwa, wino hufutika. Kata kopo la soda kwa mkasi, kwaruza namba kwa msumari, toboa, funga kwa waya kwenye kijiti. Hata hivyo chora ramani ya bustani daftarini, tuta kwa tuta kuanzia upande wa mashariki, maana watoto na mbuzi hawasomi vibao.

Aina zinazotoa maua zitaangusha mbegu, na baadaye utaona miche isiyo yako. Ing'oe kwenye tuta la mkusanyiko, lakini usiitupe. Ihamishie kona yake, uone inazaa nini. Mababu waliipata michanganyiko yao kwa njia hiyo hiyo.

Bustani iwe angalau mita 15 kutoka shamba la zamani la viazi. Inzi weupe na vidukari ndio wanaobeba virusi, na vikishikana virusi viwili, kimoja cha inzi weupe na kimoja cha vidukari, ndipo mmea huanguka kabisa. Mistari miwili ya mahindi kuzunguka bustani inasaidia kuwazuia. Pita kila wiki kwa mwezi wa kwanza, ng'oa mgonjwa, mfukie mbali. Kung'oa mmea wa aina adimu kunauma, lakini mmea mmoja mgonjwa ukiachwa kwa huruma huambukiza tuta zima.

Hatua ya nne: kiangazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Njia ya wazee ilikuwa kuacha viazi vidogo ardhini vichipue na mvua za kwanza. Inafanya kazi miaka ya mvua nzuri, ila unapata marando wiki nyingi baada ya wenzako kupanda, na ng'ombe na fukuzi wakishapita hupati kitu. Usiitegemee peke yake.

Njia ya pili ni bonde lenye maji. Wenye mashamba karibu na ziwa, visiwani Ukerewe, Buchosa na kando ya mito wanaweza kuweka kitalu kinachobaki kijani mwaka mzima. Kuna tahadhari mbili za nje: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka kingo za ziwa na mito, kwa hiyo kitalu kiwe nje ya hapo, na kiboko. Kiboko hula marando usiku, na uzio wa miiba haumtishi. Tahadhari ya ndani ni kubwa zaidi. Pale ambapo viazi viko kijani miezi yote, inzi weupe na virusi navyo havipumziki. Wilayani Kwimba marando huuawa na ukame, ziwani huchoshwa na ugonjwa. Kwa sababu hiyo aina adimu isikae upande mmoja tu. Nakala moja iwe huko kwenye ukame, nyingine ziwani.

Njia ya tatu ni uani. Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yanatosha kuhuisha tuta dogo chini ya mgomba, mradi yasiwe na sabuni nzito ya unga kila siku. Zungushia uzio imara wa miiba, kuku na mbuzi wa nyumbani ni wepesi kuliko unavyodhani. Kwa aina mbili tatu njia hii ni bora, lakini kwa aina ishirini haitoshi.

Ya nne ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa mkusanyiko mkubwa: kuhifadhi viazi kwenye mchanga mkavu. Iliboreshwa na watafiti wakishirikiana na wakulima wa Uganda na Tanzania, na haihitaji chochote cha kununua. Fanya hivi.

Kabla ya kuvuna, majani yakiwa bado kijani, weka alama ya kijiti kwenye mimea yenye afya. Ukisubiri majani yakauke huwezi tena kujua ipi ilikuwa na virusi. Chimba taratibu. Chagua viazi vya wastani visivyo na tundu, mkwaruzo wala kidonda, kumi kwa kila aina ukiweza. Usivioshe. Viache kivulini siku moja au mbili.

Chekecha mchanga, uanike juani hadi ukauke kabisa, kisha uache upoe. Mchanga wa moto utapika viazi, wenye unyevu utavichipusha kabla ya wakati. Tandika magazeti ndani ya karai, ndoo mbovu au sufuria iliyotoboka, chombo kimoja kwa aina moja, na namba yake ndani na nje. Weka tabaka la mchanga, panga viazi visigusane, funika, panga tabaka la pili, malizia kwa mchanga wa kutosha juu ili fukuzi asifike. Chombo kikae ndani ya nyumba, mahali pa baridi na pakavu, panya wasipopita. Kisifunikwe kwa mfuniko.

Kila mwezi kifukue na kukagua. Kilichooza kitoe pamoja na mchanga uliokigusa. Kilichochipua kidogo kirudishe, hakina neno.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba kwa sehemu nyingi za Mwanza, vitoe na kuvipanda kwenye kitalu kilichozungushiwa uzio karibu na maji. Acha nusu mita kati ya kiazi na kiazi, fukia kabisa, mwagilia kila baada ya siku tatu au nne. Kila kiazi kitatoa vichipukizi vingi, na mvua ikidondoka unakata marando ya wiki ile ile, ilhali jirani aliyeacha ardhini bado anasubiri.

Hatua ya tano: kugawa kwa masharti

Mkusanyiko ulio kwa mtu mmoja ni mkusanyiko wa msimu mmoja. Homa, msiba, kuhama, mbuzi wa jirani: lolote linatosha. Kila aina ikae kwa nyumba tatu zisizopakana, na mojawapo iwe wilaya nyingine. Gawa mwanzo wa mvua, na masharti yawe mepesi ya kukumbukika: aliyepokea fungu la namba 12 atarudisha fungu la namba 12 akiombwa, na akilipoteza atasema mapema bila kuona aibu. Hilo la aibu ndilo gumu. Mtu akipoteza mbegu ya kupewa hukaa kimya, nawe unajua baada ya miaka miwili. Kwa hiyo usisubiri taarifa. Pita Desemba, wakati wa palizi, ukatazame mwenyewe, na daftari liwe na safu ya kila mlezi: ipo, ipo dhaifu, haipo.

Kubadilishana kati ya majirani ni desturi ya siku zote. Ukianza kuuza marando kama biashara, hayo mengine: onana na afisa kilimo akuelekeze TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora.

Hatua ya sita: akiba nje ya kijiji

TARI Ukiriguru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, iko Misungwi, na wengi wanaifahamu kwa pamba, lakini inashughulika na mazao ya mizizi pia. Peleka orodha yako na picha kabla ya kupeleka marando, uulize wangependa sampuli zipi. Maabara inaweza kukuza ncha ndogo ya chipukizi kwenye chupa, tena kwa joto maalumu ikasafisha virusi, na aina iliyochoka ikarudi na nguvu. Arusha kipo kituo cha taifa cha kutunza nasaba za mimea, na mkusanyiko mkubwa wa dunia wa viazi vitamu uko CIP, Kituo cha Kimataifa cha Viazi, Lima nchini Peru. Unapotoa sampuli, omba namba ya usajili iandikwe na jina la kijiji na la aliyeitunza. Bila hivyo kizazi kijacho hakitaweza kuidai.

Mbegu za ua nazo zina nafasi. Zikauke vizuri, zitiwe kwenye chupa kavu, zinakaa miaka. Zitahifadhi nasaba, ila aina yenyewe hazitahifadhi, na ganda lake gumu linahitaji kukwaruzwa kabla ya kupandwa.

Na iliyokwisha kupotea?

Kabla ya kuikatia tamaa, fuata watu. Wasukuma wamehama na ng'ombe zao hadi Geita, Katavi, Rukwa na Morogoro, na waliohama walibeba marando. Mjomba aliyeondoka kijijini zamani huenda bado anakula kile kiazi ambacho hapa kimebaki jina. Piga simu, eleza umbo la jani na ladha kuliko jina, omba picha ya jani la chini na ya kiazi kilichokatwa. Zikilingana na maelezo ya bibi, agiza fungu kwa basi: marando ya nchani, gunia la unyevu, sanduku lenye matundu, akabidhiwe kondakta siku ile ile yalipokatwa. Yakifika yapande peke yake, mbali na bustani, msimu mzima, ukiyatazama majani kila wiki. Yakionekana safi, mwite bibi aje kuonja. Akisema ndicho, ipe namba.